Kutu, Masizi na Urefu wa Mkono



Juma hili naomba ruhusa niandike juu ya ile meza iliyo pembeni mwa chumba changu, ambayo baadhi yenu mmeiona mlipokuja kuulizia cheti cha ubatizo. Ina taa mbili, chupa ndogo za rangi, brashi nyembamba kama unyoya wa shomoro, na harufu ya tapentaini ambayo mpishi wetu huilalamikia kila Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko, na siku hiyo hutengeneza mifano midogo ya vyombo vikubwa: malori, mashua, na zaidi ya yote magarimoshi.

Wengi huelewa haraka kwamba mtu mzima anaweza kupenda kazi ya mikono. Wasichoelewa ni kinachofuata. Mfano ukishakamilika, ukapakwa rangi ikakauka na kung'aa, mimi huanza kuuchafua. Naupaka masizi na vumbi, nauchubua rangi, nauchora michirizi ya maji na madoa ya mafuta. Na kazi hiyo hunichukua siku nyingi kuliko ile ya kuujenga. Katekista wetu mmoja, mtu mwenye adabu nyingi, aliwahi kusimama nyuma yangu muda mrefu akitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Padre, imeharibika?"

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa ikizeeshwa. Hilo ndilo neno ninalolitumia, kuzeesha, kwa kuwa sikupata bora zaidi. Mfano uliotoka tu kwenye rangi, hata ukiwa umepimwa kwa uangalifu mkubwa, huonekana kitu cha kuchezea mtoto. Jicho letu limezoea kuona vyombo vilivyofanya kazi, na lina ujuzi mwingi kuliko tunavyodhani: linajua kwamba mlango wa lori huchubuka karibu na kishikio, kwamba ngazi hung'aa katikati mahali zinapokanyagwa, kwamba maji ya mvua huteremka na vumbi kutoka pembe za dirisha. Likikosa alama hizo, linakataa kuamini, hata kama mwenye jicho hawezi kueleza sababu.

Ufundi huu nilijifunza Ujerumani, nilikopelekwa kusoma kwa muda baada ya upadrisho. Majira ya baridi ya huko ni marefu, na jioni zake ni ndefu zaidi kwa mtu aliyezaliwa karibu na bahari ya Hindi. Katika mji ule palikuwa na chama cha wazee waliokutana mara moja kwa juma katika chumba cha chini ya ardhi, wakijenga reli ndogo kwa kipimo cha moja kwa 87, yaani kila sentimita 87 za kweli hugeuka sentimita moja mezani. Walinikaribisha bila kuniuliza maswali mengi. Mmoja akanisogezea kiti, mwingine kikombe cha kahawa, wa tatu behewa la plastiki na brashi. Baadaye walinipeleka Hamburg kuona Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001 ndani ya maghala ya zamani ya bandari, ambako milima, miji na treni nyingi mno zimejengwa kwa kipimo hichohicho. Wageni wengine walizitazama treni zinazokimbia. Wazee wangu waliinama wakatazama kuta za majengo, wakibishana kama doa la unyevu liko mahali pake.

Kutoka kwao nilisikia pia habari za John Allen wa Monterey, California. Alikuwa mpiga picha kwa kazi yake, na kwa miaka mingi alijenga nyumbani kwake reli ndogo aliyoiita Gorre & Daphetid. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuwaonyesha wenzake kwamba injini iliyovuta mizigo mlimani haiwezi kufanana na injini iliyotoka dukani. Alifariki Januari 1973, na siku chache tu baada ya kifo chake moto ukaiharibu kazi ile. Kwa hiyo sisi wengine tunaijua kwa picha zake peke yake, na katika picha hizo usipoambiwa hutatambua kwamba mlima ule unaishia kwenye ukuta wa chumba.

Sasa niseme kidogo jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, maana vijana watatu wameniuliza. Jambo la kwanza ni hesabu. Kwa kipimo cha moja kwa 87, mkwaruzo wa milimita moja ni jeraha la karibu sentimita tisa katika injini halisi, na chembe ya mchanga ya sehemu moja ya kumi ya milimita ni kokoto linaloweza kuingia kiatuni na kukusumbua. Ndiyo maana mtu anayeuchubua mfano kwa ncha ya kisu hupata chombo kilichopigwa mabomu badala ya chombo kilichotumika. Mikwaruzo midogo huwekwa kwa kipande cha sifongo kilichochovywa rangi, kisha kikapanguswa kwenye karatasi mpaka kikaribie kukauka, ndipo kikaguswa kwenye pembe kwa wepesi.

Rangi nayo ina hesabu yake. Ukiutazama mfano huo kutoka nusu mita, ni kama unaitazama injini halisi kutoka mita 43 na zaidi, na kwa umbali huo hewa huififisha rangi yoyote. Nyeusi huelekea kijivu, nyekundu hupoa. Fundi anayetumia rangi ileile iliyotumika kiwandani hupata mfano mzito, uliozama gizani. Tone la nyeupe au la kijivu huuinua.

Kisha kuna mbinu za kubandua. Ile inayowachekesha akina mama ni ya dawa ya kupuliza nywele: unapaka kwanza rangi ya kutu, ikikauka unapuliza dawa ya nywele, juu yake unapaka rangi halisi ya chombo, na kabla haijashika sana unailowesha kwa maji na kuisugua kwa brashi. Dawa huyeyuka chini, rangi ya juu hubanduka kwa vipande visivyo na mpangilio, na kutu huchungulia kana kwamba ilikuwapo miaka mingi. Nyufa na viungo hupakwa rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini, ambayo hukimbia yenyewe kufuata mifereji. Vumbi huja mwisho, nalo ni unga uliosagwa na kupakwa kwa brashi kavu. Hayo ndiyo makuu; mengine ni subira na mwanga wa kutosha.

Lakini mbinu si kitu kigumu. Kigumu ni kujua sababu ya kila doa. Kutu huhitaji chuma, maji na hewa, nayo huhitaji pia utulivu. Mikono ya chuma inayosukuma magurudumu ya garimoshi haina kutu, kwa kuwa inapakwa mafuta na haitulii; reli inayopitwa kila siku hung'aa juu na kuwa kahawia ubavuni. Kwenye injini inayofanya kazi kutu ni chache sana kuliko tunavyofikiri. Iliyojaa kutu ni ile iliyosimamishwa. Hata hivyo mafundi wengi, wakishajua mbinu ya dawa ya nywele, hutaka kuitumia kila mahali, na matokeo yake ni injini iliyokokota mabehewa asubuhi huku ikiwa na mwili wa chuma kilicholala jalalani miaka 20. Naona hilo ni majivuno ya mkono. Fundi anaonyesha anachokiweza, na chombo kinasahauliwa.

Tena liko jambo jingine, ambalo nilianza kulifikiri nikiwa bado Ujerumani. Mzee mmoja wa chama kile, mtu mwema kabisa, aliniomba nikirudi nyumbani nimpigie picha za mapaa ya mabati yaliyoshika kutu, kwa kuwa alitaka kujenga mtaa wa Kiafrika. "Kutu yenu ni nzuri sana," aliniambia, na alikuwa akisema kweli: rangi ya bati kuukuu jua linapozama ina machungwa, zambarau na weusi kwa pamoja, na hakuna chupa ya dukani inayoipata. Nilimpelekea picha. Lakini nilipokuwa nikizipiga nilimkumbuka mama mmoja mjane wa jumuiya yetu, ambaye chini ya bati la namna hiyo hupanga sufuria na ndoo sakafuni kila mvua inapoanza, akijua kwa mazoea tone la wapi huanguka kwanza. Kwa yule mzee kutu ilikuwa pambo. Kwa mama huyu ni gharama ya mabati ambayo hajaipata. Wote wawili wanaitazama rangi ileile, na sidhani fundi anaruhusiwa kuchagua jicho moja na kulisahau la pili.

Swali hilo lilikaa nami kimya kwa miaka, hadi mzee mmoja wa parokia yetu alipokuja na ombi.

Mzee huyu, ambaye hapendi kutajwa kwa jina, ni mstaafu wa reli. Aliingia kazini akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kama msafishaji wa injini katika shedi. Baadaye akapanda kuwa faiamani, akidumu hapo hadi mvuke ulipoisha. Injini alizozihudumia ndizo zile kubwa za kundi la 59, ambazo yeye huziita Fifti-naini kwa sauti ambayo wengine huitumia kutaja watoto wao. Zilikuwa 34, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Hakuna injini ya mvuke ya reli ya upana wa mita moja iliyopata kuwa na nguvu kuzipita. Zilikuwa za aina ya Garratt: boila moja kubwa katikati, likibebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, zinazopinda kila moja kivyake ili chombo cha karibu mita 32 na uzito wa tani 252 kiweze kufuata kona za njia ya kutoka Mombasa hadi Nairobi. Zilichoma mafuta mazito. Rangi yao ilikuwa damu ya mzee.

Mjukuu wa mzee huyu, kijana wa shule ya msingi, alikuwa amesafiri na wenzake kwa treni mpya, ile ya reli iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Mahali fulani njiani waliona, kando ya reli ya zamani, chuma kikubwa kilichoachwa, chenye mti uliootea ndani yake. Mwalimu akawaeleza kwamba zamani magarimoshi yalikuwa namna hiyo. Mtoto aliporudi akamuuliza babu yake, bila ubaya wowote: "Babu, kumbe ulifanya kazi kwenye vyuma chakavu?"

Mzee hakumjibu. Alikuja kwangu Jumatatu iliyofuata, akakaa, akavua kofia, akaitazama meza yangu kwa muda.

"Padre, nimesikia unatengeneza magari ya moshi."

"Natengeneza kidogo, Mzee."

"Nitengenezee Fifti-naini. Lakini ing'ae."

Nilikwisha kuitazama moja kwa karibu. Katika Jumba la Makumbusho la Reli, Nairobi, imehifadhiwa namba 5918, Mount Gelai, nami niliwahi kwenda huko na futi yangu na kamera, nikajaza daftari zima. Mzee hakuitaka Gelai. Alitaka 5930, Mount Shengena, ambayo nayo imesalia, kwa kuwa Shengena ni mlima wa Upareni na mama yake alitoka upande huo. Hivyo tukakubaliana, nami nikaanza. Kwa kipimo changu injini nzima ina urefu wa sentimita 36 na nusu. Nilikata mwili kutoka katika karatasi za plastiki, mabomba nikayapinda kwa waya wa shaba, magurudumu nikayatoa kwenye mifano mikuukuu niliyopewa na wazee wa Ujerumani. Bomba la moshi lilinisumbua kuliko vyote, kwani injini hizi baadaye ziliwekewa bomba la Giesl, lililobanwa likawa jembamba na refu kama mdomo wa bahasha, na mtu aliyezijua hawezi kudanganywa kwa bomba la duara. Kazi hiyo ilichukua miezi minane, kwa kuwa mazishi na mikutano havikujua kwamba Jumatatu ni yangu.

Siku ya rangi Mzee alikuwapo. Aliuchukua mfano hadi dirishani, akaugeuza juani, akatikisa kichwa. Nikaongeza tone la kahawia. Alitikisa tena. Mara ya tatu hakusema kitu, akauweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Nikajua tumefika.

Ndipo nilipomweleza hatua inayofuata. Nilimwonyesha picha za mifano niliyoizeesha, nikamweleza juu ya masizi na michirizi. Uso wake ulibadilika.

"Padre, unataka kuniaibisha?"

Kisha alinieleza mambo ambayo sikuyapata katika daftari langu. Baadhi ya injini hizi zilikuwa na madereva wake maalumu, na dereva aliyepewa injini yake aliitunza kama nyumba yake. Shaba ilisuguliwa hadi mtu aone meno yake, na kati ya injini na injini palikuwa na ushindani ambao hakuna aliyeuamuru. Msafishaji aliyeacha doa alisemwa mbele ya wenzake. Yeye mwenyewe, akiwa na umri wa kijana anayemaliza sekondari leo, alianza zamu usiku, akiwa na matambara ya pamba, parafini na oili kidogo, akaufuta ubavu wa chuma kilichokuwa bado kina joto. "Halafu wewe uje uniwekee kutu," akasema, "mjukuu wangu aone kwamba ni kweli."

Nilimsikiliza, na bado sikukubaliana naye kwa yote. Injini inayochoma mafuta mazito hutoa masizi. Hilo si maoni. Masizi hayo hutua mgongoni mwa boila na juu ya tangi la nyuma, na mfano unaong'aa kila upande kutoka juu hadi chini ungekuwa injini ya siku ya kwanza kiwandani Manchester, siku ambayo Mzee hakuwapo. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba nikiifanya ing'ae yote, nitakuwa nimeifuta kazi yake, kwa sababu usafi usioonyesha uchafu uliopambana nao hauna mtu ndani yake.

Alinyamaza kidogo. Akaomba kitambaa. Nikampa kile ninachofutia brashi. Akasimama karibu na kabati langu la vitabu, akaushika ubao wa pembeni kwa mkono wa kushoto, akainua wa kulia na kuanza kufuta kwa mizunguko mipana, mkono ukipanda na kushuka, mpaka ulipofika mwisho wa uwezo wake na vidole vikabaki vimenyooka.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipofika. Juu ya hapa kulihitaji ngazi na muda, na injini ikitakiwa haraka hakuna aliyekupa vyote viwili."

Nikachukua futi. Kutoka sakafuni hadi ncha ya vidole vyake palikuwa na sentimita 215. Kwa kipimo cha moja kwa 87, ni chini kidogo ya milimita 25.

Wapendwa, nimesoma vitabu kadhaa juu ya kuzeesha mifano, na hakuna kilichonipa kipimo hicho. Tulikaa mchana ule tukichora mstari kwa penseli kwenye ubavu wa injini. Haukuwa mstari ulionyooka. Penye kikanyagio ulipanda, kwa kuwa msafishaji alisimama juu yake. Pasipo na pa kushika ulishuka. Karibu na chumba cha dereva ulipanda sana, kwa maana hapo palikuwa na ngazi na tena hapo ndipo mkubwa alipotazama kwanza. Chini ya mstari nilipaka vanishi yenye mng'aro kiasi, kisha nikaisugua kwa kitambaa laini ili ing'ae kama chuma kilichofutwa kwa mafuta, ambao ni mng'aro mzito, tofauti na ule wa kioo. Juu ya mstari nilizimua rangi, nikaweka masizi. Kwa masizi yenyewe nilitumia unga wa mkaa laini, uliochanganywa na kahawia, maana masizi meusi kabisa hudanganya.

Baada ya hapo Mzee alianza kunipa uchafu kwa hiari, hata kwa ukarimu. Chini ya mahali maji yanapoingizwa kwenye boila aliagiza mchirizi mweupe. "Hiyo weka," alisema. "Maji ya huko njiani yalikuwa na chumvi, hata chai yetu ilikuwa na chumvi." Kwenye kifuniko cha tangi la mafuta aliagiza doa jeusi linaloteremka, akanionyesha kwa kidole upande gani, kwa kuwa mtu anayejaza mafuta husimama upande mmoja. Magurudumuni na chini ya matangi alitaka vumbi jekundu, lile la nyika ya Taru na Tsavo, ambalo huwageuza hata ndovu wa huko wakawa wekundu. Jumatatu iliyofuata alileta udongo wenyewe ndani ya kopo la maziwa. Tuliutwanga kwenye kinu kidogo cha mpishi wetu (aliyekuwa amekwenda sokoni), tukauchekecha kwa kitambaa mara tatu mpaka ukawa laini kama poda ya mtoto. Mikono ya chuma ya magurudumu tukaiacha safi, yenye utelezi wa mafuta.

Na kutu? Tuliiweka mahali pawili tu: kwenye viungo vya kuunganishia mabehewa, na kwenye vipande vya breki, ambako chuma husuguana na chuma na kuacha unga wa kahawia. Mzee alipitisha jicho lake kila mahali pengine kuhakikisha sijaongeza. Dawa ya nywele sikuifungua kabisa.

Palibaki jambo moja ambalo hatukuafikiana. Kibao cha jina, Mount Shengena, mimi nilikiona kinahitaji kufifia kidogo kwenye pembe, kwa kuwa shaba hufifia pembeni, kitambaa kisipofika vizuri. Mzee alisema pembe za kibao alizisafisha kwa njiti ya kiberiti iliyofungwa uzi. Sikuwa na la kujibu, kwa maana yeye alikuwapo. Lakini jicho langu bado linaniambia kwamba kibao kile kinang'aa mno kwa kipimo hicho, na kila nikikitazama mkono unawasha. Kimebaki hivyo hivyo.

Mfano sasa uko nyumbani kwake, ndani ya kisanduku cha kioo alichotengeneza fundi wa madirisha wa sokoni. Nilipokwenda kuwatembelea baada ya Pasaka, mjukuu alikuwa ameinama mbele ya kisanduku, pumzi yake ikiacha ukungu kwenye kioo, akihesabu magurudumu. Alihesabu mara mbili, akiuliza kwa nini injini mbili zina boila moja, na babu akamweleza kwa kupinda mikono yake miwili kama kona ya reli. Kisha mtoto akaona kile ambacho watu wazima waliopita nyumbani humo hawakukitaja.

"Babu, mbona huku juu ni kweusi? Hamkusafisha?"

Mzee aliinuka, akaenda hadi ukutani, akainua mkono wake wa kulia hadi vidole vikanyooka, akaukaza hapo kwa muda ambao kwa umri wake haukuwa mfupi.

"Ngazi ilikuwa moja," akamjibu, "na siku hiyo alikuwa nayo mwenzangu."